Usininunue: Utani wa Michezo ya Kompyuta Enzi za Kaseti

Maneno haya niliyasema Jumamosi iliyopita mbele ya vijana wanaojifunza kutengeneza programu za simu hapa Mjini Unguja. Wengi walizuiliwa na mvua, wakanipigia kutaka kujua kilichosemwa. Nimeyaandika yote kama yalivyotoka, ila picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha.

Assalaam alaykum. Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliojibana huko nyuma karibu na mlango kama mnaotaka kukimbia, hamjambo?

Nilipoalikwa niliambiwa nije nizungumzie historia ya teknolojia. Nikamjibu mwenyekiti wenu: mwanangu, mimi fundi redio. Historia siijui. Ninachokijua ni kitu gani kimeungua na nani amekiunguza. Akacheka, akasema basi njoo utwambie mlikuwa mkicheza nini. Hapo nikakubali. Lakini michezo mizuri sitaisifu, ile ina wasifiaji wake. Nimekuja kusifu michezo ya kipuuzi. Ile yenye mzaha mmoja tu ndani yake: unaicheza dakika 5, unacheka ama unaguna, basi imekwisha. Na miaka 40 baadaye bado unaikumbuka.

Kwa nini tunaikumbuka? Hilo ndilo swali lililonitoa nyumbani na mvua hii.

Nilipelekwa Portsmouth, Uingereza, mwaka 1983, nina miaka 13. Ami yangu, mdogo wake baba, alikuwa huko tangu baada ya mapinduzi, akifanya kazi bandarini. Portsmouth, kwa msiojua, ina Wazanzibari wengi. Hata Sultani Jamshid akiishi mji ule ule. Ilikuwa huwezi kumsengenya mtu njiani kwa Kiswahili ukadhani uko salama.

Ami akaninunulia kompyuta, ZX Spectrum ya kilobaiti 48. Ilipotoka Aprili 1982 iliuzwa paundi 175. Mwaka wa pili ikashuka mpaka 130, ndipo ami akafungua mkoba. Jirani Mwingereza alimhakikishia kuwa itanisaidia hesabu. Kila mzazi Uingereza aliambiwa hivyo, na kila mtoto aliapa hivyo. Nani aliyepiga hesabu? Hakuna aliyepiga hesabu.

Sasa niwaeleze mashine yenyewe, maana nyinyi mnadhani kompyuta ni kitu chenye kioo chake. Hii haikuwa na kioo. Ni kibao cheusi kidogo kuliko daftari la shule, kina vitufe vya mpira, ukivibonyeza ni kama unabonyeza sikio la mtu. Unaichomeka kwenye televisheni ya nyumba, kwa hiyo ami akitaka taarifa ya habari, mchezo umekufa. Ilikuwa na rangi 8, lakini kioo kiligawanywa vijisanduku, na kila kijisanduku kilikubali rangi mbili tu. Mtu wako akipita mbele ya mti, mti unamwambukiza ukijani. Tulizoea. Tulidhani ndivyo ulimwengu ulivyo.

Na michezo ilikaa wapi? Kwenye kaseti! Kaseti hizi hizi za taarabu na mawaidha. Unachukua redio kaseti, unaunga waya kwenye kompyuta, unabonyeza kitufe cha J, kwenye kioo linatokea neno zima, LOAD, halafu unatia alama za kunukuu mbili, unaiachia kaseti izunguke. Kwanza unasikia mlio mmoja mrefu kama mbu aliyeshiba, na pembezoni mwa kioo mistari myekundu na ya samawati inapanda. Halafu mkwaruzo, kama mabati yanaburutwa juu ya sakafu, na mistari inageuka buluu na manjano. Hapo unakaa. Mchezo mkubwa unachukua dakika 5. Unakaa, unaomba Mungu, na dakika ya nne na nusu inakwambia: R Tape loading error. Unarudisha nyuma, unaanza tena.

Ufundi wangu ulianzia hapo. Kila redio kaseti ina kichwa, kile kinachosoma utepe, na kichwa kina skrubu ndogo ubavuni inayokiinamisha. Kaseti iliyorekodiwa kwa kichwa kilichoinama hivi, ukiipiga kwenye kichwa kilichoinama vile, sauti nyembamba zinapotea. Sikio la binadamu halijali sana. Kompyuta inajali. Nikawa natembea na bisibisi ya saa mfukoni, watoto wa mtaani wananiita niwakazie skrubu. Malipo yalikuwa kunakili mchezo. Hilo la kunakili tusilizungumze zaidi, naona kuna mwanasheria pale mbele.

Lakini hebu lishikeni jambo hili kwanza: mchezo ulikuwa sauti. Ukiweza kuirekodi sauti, umeurekodi mchezo. Mwaka 1984 jarida la Computer & Video Games liliwapa wasomaji wake santuri, ile santuri laini ya plastiki inayokunjika kama karatasi, na ndani ya santuri hakukuwa na wimbo, kulikuwa na mchezo wa bendi ya Thompson Twins. Unaiweka juu ya gramafoni, unairekodi kwenye kaseti, unaitia kwenye Spectrum. Santuri kwenye kaseti, kaseti kwenye kompyuta, kompyuta kwenye televisheni. Vyombo vinne vya nyumba vinashughulikia mzaha mmoja!

Na mimi nililipia somo hilo. Shangazi alitumiwa kutoka Unguja kaseti ya taarabu iliyorekodiwa arusini kwa watoto wa dada yake. Mnavijua vile vijino vya plastiki mgongoni mwa kaseti? Ukivivunja, kaseti hairekodiki tena. Shangazi hakuvivunja. Mimi usiku mmoja nimemaliza kuandika kijiprogramu changu, natafuta kaseti, nikaiona hii, nikasema nitarekodi mwishoni tu, nafasi ya kidole. Jumapili wageni wamejaa, kahawa inapita, shangazi akaweka kaseti yake. Kanuni ikaanza, fidla ikaingia, wakinamama wameshaanza kutikisa mabega. Mara ule mbu. Mara yale mabati. Mzee mmoja akasema "Audhubillahi!", akaweka kikombe chini. Shangazi hakusema kitu. Alinitazama tu. Vijana, kuna kutazamwa na kuna kutazamwa.

Haya. Nirudi kwenye michezo ya kipuuzi. Nawauliza: utani ni nini?

Sisi tunaujua utani. Muunguja na Mpemba wanataniana, watu wa bara wana watani wao, Msukuma na Mzaramo. Mtani wako anaweza kukuvamia msibani akakutukana ukacheka huku unalia. Lakini utani una masharti, na masharti yake kila mtu anayajua ingawa hayakuandikwa popote. Nendeni Makunduchi mwezi wa saba kwenye Mwaka Kogwa. Wanaume wanapigana kweli kweli, lakini kwa migomba. Wanapiga, wanapigwa, wanatoka jasho, halafu mwaka umeoshwa, watu wanakula. Aje mtu mmoja na rungu la mkwaju chini ya kanzu, je, huyo tutasema ametania? Huyo ametumia sherehe yetu kuficha jambo lake.

Ninavyoona mimi, michezo ile ya mzaha iko hivyo hivyo. Ipo iliyokuja na mgomba, na ipo iliyokuja na rungu.

Mwaka 1985 kampuni ya Firebird ilitoa kaseti ya Spectrum iliyoitwa Don't Buy This. Yaani: Usininunue. Ndiyo jina lake, limeandikwa juu ya jalada. Firebird ilikuwa ya nani? Ilikuwa ya British Telecom, shirika la simu. Hebu fikirini shirika la simu la kwetu liuze kitu liandike juu yake "msinunue"! Waliandikiwa na watu kila siku, wanaletewa michezo ya kutaka ichapishwe, na mingine ilikuwa mibovu ya kupindukia. Wakakusanya mitano iliyowashinda wote kwa ubovu, wakaitia kwenye kaseti moja. Wakasema wazi kuwa hii ni mitano mibovu kuliko yote tuliyoletewa. Wakasema hata haki ya kunakili hatuidai, nakilini mkipenda.

Watu wakanunua.

Mnacheka, lakini niambieni, nani alidanganywa pale? Aliyenunua alijua ananunua takataka. Aliifungua akakuta takataka. Alicheka na rafiki zake. Mimi miaka 35 nimekaa dukani, sijawahi kuletewa bidhaa iliyosema ukweli namna ile.

Mfano wa pili, na huu ndio kipenzi changu. Miaka ile kulikuwa na mtindo wa kuita kila mchezo "simulator", yaani kiigizo cha kitu cha kweli. Mbio za magari, simulator. Baiskeli, simulator. Nyingine zikajiita "advanced" juu yake, za hali ya juu. Basi mwaka 1988 jarida la Your Sinclair, kwa ajili ya Sikukuu ya Wajinga ya Aprili, likatangaza mchezo unaoitwa Advanced Lawnmower Simulator. Mashine ya kukata majani, ya hali ya juu! Aliyeutunga ni mwandishi wao mmoja, Duncan MacDonald. Unachezwaje? Unabonyeza M. Basi. Ukibonyeza M mashine inakata majani. Ukiachia, inasimama. Hakuna adui, hakuna bomu, hakuna siri. Kuna majani na kuna M.

Kijana mmoja pale mbele anauliza kwa macho: sasa utamu uko wapi? Utamu ni kwamba tulikuwa tumeshacheza ile michezo mingine! Tulishalipa paundi 2 mara kadhaa kwa ajili ya simulator hizo, tukasubiri kaseti, tukagundua kuwa tunabonyeza vitufe vitatu badala ya kimoja. MacDonald alichukua mtindo ule akauvua nguo mbele yetu. Mzaha ule ulitaka mchezaji anayeelewa. Ukimpa mtu wa leo hautamchekesha, sawasawa na kumweleza mgeni kutoka Ulaya kwa nini Mpemba na Muunguja wanacheka.

Na kwa kuwa tumo humo: mzaha si lazima uwe ujinga. Kabla ya Spectrum kulikuwa na ZX81, iliyozaliwa na kilobaiti 1. Moja! Bwana mmoja Mwingereza, David Horne, akatia sataranji ndani yake. Kompyuta inacheza nawe sataranji kwa programu ya baiti 672. Salamu za sauti mnazotumiana asubuhi kwenye simu zinazidi hapo kabla hamjamaliza kusema "shikamoo". Ilikosa baadhi ya sheria za sataranji, na ilicheza kama mtu mwenye homa, lakini ilicheza. Huo nao ni mzaha: mtu kaambiwa kikombe hiki hakiingizi ng'ombe, akamwingiza.

Sasa nije kwenye dhahabu. Hapa nitakaa kidogo, niwieni radhi.

Pale pale Portsmouth, mji wetu, kulikuwa na kampuni ndogo, Automata, ya bwana mmoja anayeitwa Mel Croucher na mwenzake. Mwaka 1982 walitoa mchezo unaoitwa Pimania. Ni mchezo wa maandishi na mafumbo, unaandika amri, kuna kiumbe cha waridi chenye pua kubwa anaitwa Pi-Man anakuzubaisha. Lakini ndani ya mafumbo yale kulikuwa na mahali pa kweli na siku ya kweli. Anayefumbua aende mahali pale siku ile, atapewa saa ya kivuli ya dhahabu yenye thamani ya paundi 6,000. Paundi 6,000 wakati ule! Watu walikesha. Hata kuingia ndani ya mchezo kulikuwa fumbo: unaambiwa kuna ufunguo unaofungua, na kwa Kiingereza neno la ufunguo na neno la kitufe ni moja. Kitufe gani? Kwenye kibodi ya Spectrum, miongoni mwa maneno yaliyochapwa, limo neno PI.

Mwaka wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita. Mimi mwenyewe nilijaribu, nikamshirikisha ami, ami akasema hawa ni matapeli, hakuna dhahabu. Ami alikuwa mtu aliyeona mengi, hakumwamini mtu anayegawa dhahabu. Na mimi nikaanza kuamini maneno ya ami.

Mwaka 1985 wanawake wawili wakafumbua. Siku ilikuwa tarehe 22 Julai. Kwa nini? Wanahesabu, semeni! Naam, 22 gawanya kwa 7, wanafunzi wote duniani hufundishwa kuwa ndiyo pai kwa kukadiria. Na mahali palikuwa Hindover Hill, kusini ya Uingereza, ambako kwenye ubavu wa kilima kumechorwa farasi mkubwa mweupe kwa chokaa. Walikwenda siku ile, kwa farasi yule, na dhahabu wakakabidhiwa. Tarehe 22 Julai, vijana! Siku hizo hizo Makunduchi wanachonga migomba yao. Nikimwambia mke wangu kuwa hii haikuwa bahati nasibu, huniambia ninywe maji.

Yaani dhahabu ilikuwako. Miaka mitatu watu wanacheka, wanalaumu, wanasema hakuna, na jamaa hawakuiuza, hawakuikimbia. Ami nilipomwonyesha gazeti alilisoma mara mbili, akavua miwani, akasema: "Haya, hao ni watu." Kwa ami hiyo ni shahada ya udaktari.

Sasa sikilizeni upande wa pili. Nyinyi mmelelewa na hadithi za sungura, nani mjanja porini? Sungura. Basi kulikuwa na sungura wa dhahabu. Alitengenezwa na msanii Mwingereza, Kit Williams, akafukiwa ardhini mwaka 1979 ili anayefumbua fumbo la msanii yule amchimbue. Mwaka 1982 mtu akampata. Mwaka 1984 sungura yule yule akaibuka tena, safari hii ni zawadi ya mchezo wa kompyuta, Hareraiser, wa kampuni iliyojiita Haresoft. Thamani ya sungura wakasema paundi 30,000. Mchezo ulikuja kwa kaseti mbili zinazouzwa mbalimbali, kila moja paundi 8 na senti 95, na ukitaka sungura unahitaji zote mbili.

Na ndani ya mchezo mlikuwa na nini? Majani. Miti. Jua. Sungura anapita anakwenda zake. Unabonyeza mshale, unapelekwa kwenye majani mengine na miti mingine. Hakuna anayekueleza kitu. Unaona? Majani kama ya MacDonald! Ukiiweka ile michezo miwili mbele ya mtu asiyejua, atakwambia ya MacDonald ina uhai zaidi, angalau mashine inakata.

Hakuna aliyeshinda. Hakuna hata mmoja. Kampuni ikafilisika, sungura akapelekwa mnadani Sotheby's, London, Desemba 1988, akanunuliwa paundi 31,900. Na mwezi huo huo gazeti la Sunday Times likafichua kuwa yule aliyempata mwanzo hakufumbua fumbo lolote, alipata fununu kupitia watu waliowahi kuwa karibu na msanii. Na mtu huyo ndiye aliyekuwa nyuma ya Haresoft.

Majani yale yale, vitufe vile vile, dhahabu ile ile. Mmoja kaja na mgomba, mmoja kaja na rungu chini ya kanzu.

Ipo pia ya katikati, na hii ndiyo inayonisumbua, maana si rungu wala si mgomba. Kampuni ya Cascade mwaka 1983 iliuza kaseti moja yenye michezo 50. Cassette 50. Hamsini! Baadaye ukinunua unaongezewa saa ya mkononi yenye kikokotoo. Michezo ilikuwamo, hakuna aliyedanganywa hesabu. Ilikuwa 50 kweli. Ila kila mmoja ungeweza kuandikwa na mtoto wa miaka 12 siku ya mvua, na mingine, kwa kweli, iliandikwa na vijana wadogo waliolipwa kidogo sana. Je, huo ni wizi? Mimi sijui. Nimewaza miaka mingi. Sokoni Darajani ukiuziwa fungu la embe 50 kwa bei ya 5, usiulize.

Lakini angalieni watu walivyoifanya. Tangu 1996 wapenzi wa Spectrum wana mashindano ya kila mwaka ya kutunga michezo mibovu, na yalianza kwa kuikumbuka kaseti ile. Watu wazima, wahandisi wenye mvi, wanakaa kuandika mchezo mbovu kwa makusudi, na wanashindana nani kaharibu kwa ustadi zaidi. Kilichokuwa aibu kimefanywa utani. Mimi nilipolisikia hilo nilifurahi kuliko nilivyofurahi siku ile ya saa ya dhahabu.

Kwa haraka nitaje na kazi nyingine ya Croucher yule yule wa Portsmouth, maana nikiiacha nitajilaumu. Mwaka 1984 alitoa Deus Ex Machina. Kaseti mbili: moja ya kompyuta, moja ya kusikiliza, sauti za waimbaji na waigizaji wa kweli, Ian Dury, Jon Pertwee, Frankie Howerd. Unaziwasha pamoja. Kioo kinaonyesha maisha ya kiumbe tangu kutungwa mimba mpaka kufa, na sauti inakuhadithia. Ilikuwa ghali, paundi 15, na wauzaji hawakuitaka. Nami kwa redio kaseti mbili nilifaulu kuzioanisha mara moja tu. Ami alikaa nyuma yangu mpaka mwisho. Alipoona kiumbe kimezeeka, akainuka kwenda kusali.

Nimebakisha kisa kimoja, na ndicho nilichokiandika usiku ule juu ya taarabu ya shangazi.

Nilikuwa nimechoka kununua. Nilishanunua mchezo mmoja, kampuni sitaitaja, wenye picha juu ya jalada ya mashujaa na majoka yanatema moto, ndani mkawa na kinukta kinakimbizana na herufi X. Nikasema nitatunga wangu. Spectrum inakupa herufi 21 unazoweza kuzichora mwenyewe, kila moja nukta 8 kwa 8. Nikachukua karatasi ya hesabu yenye vijisanduku, unaona hesabu imeingia!, nikachora dele. Nikachora kikombe cha kahawa. Nikachora uso wa ami na kofia yake.

Mchezo ulikuwa hivi: ami amekaa barazani, unabonyeza kitufe, kahawa inamiminika. Ukiachia mapema, kikombe hakijajaa, ami anasema: "HII NDIYO NINI?" Ukichelewa, imemwagika, ami anasema: "UMENIUNGUZA KANZU." Ukipatia sawasawa, ami anasema: "ONGEZA." Na unaanza tena, kasi zaidi. Basi. Hakuna mwisho. Ami hatosheki.

Mtu aliyekuwa hajawahi kugusa ile kompyuta, aliyeiita "kile kidude chako", alipoona kofia yake kwenye televisheni alikaa. Akabonyeza. Akamwagikiwa. Akanitukana. Akabonyeza tena. Taarifa ya habari ya saa tatu ikapita hajaiangalia. Shangazi akaja kumwita, akamwambia, "Ngoja, nimefika 14." Wageni wakija anawawashia. Mzee yule yule wa "Audhubillahi" alifika 9, akadai kitufe kibovu.

Mimi nimetengeneza redio nyingi maishani, na televisheni, na siku hizi simu zenu mnazozitumbukiza chooni. Sina hakika kama kuna kitu nilichokitengeneza kilichompa mtu furaha kama kile, na kilikuwa na mistari isiyofika 60.

Kaseti yenyewe haipo tena. Shangazi aliirekodi juu yake mawaidha ya Ramadhani, na nilistahili. Ami naye ametutangulia, Mwenyezi Mungu amrehemu. Lakini mwezi uliopita nilikaa nikaiandika upya kwa kukumbuka, dele na kofia na yote. Spectrum yenyewe mnayoiona pale mezani ni ile ile, nimeibadilisha kapasita na utando wa kibodi. Redio kaseti ni ya mjukuu wangu, nimeikaza skrubu asubuhi.

Wewe binti mwenye mtandio wa kijani, ndiyo wewe, njoo. Bonyeza J. Umeona, neno limetokea lenyewe. Sasa shika kitufe hiki cha pembeni ubonyeze P, mara mbili. Sasa ENTER. Mwenyekiti, washa kaseti. Ni nusu dakika tu, kilobaiti 4. Na nyinyi wa karibu na mlango sogeeni, mkikaa huko hamtamwona ami.